Maswali yenu: Mnara umeboreshwa, mbona spidi ni ileile?

Tangu 5G ilipowashwa nchini Septemba 2022 na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kunadi masafa mapya mwezi uliofuata, minara ya Kanda ya Ziwa haijapumua: leo inapandwa kubadilishwa antena, kesho unachimbwa mtaro wa faiba pembeni yake. Barua zenu nazo zimejaa mezani. Tumechagua nane. Zilizouliza kwa nini bando ni ghali tumeziweka kando, maana hapa tunashughulika na mawimbi.

Usiku video inazunguka tu

Swali: Habari za kazi, wahariri. Mafundi walishinda siku mbili juu ya mnara wa mtaani kwetu wakifunga maboksi mapya. Baadaye tukapata meseji kwamba 4G yetu sasa ni ya kasi zaidi. Alfajiri kweli inakimbia, lakini ikifika saa 2 usiku video inazunguka tu. Tumepigwa changa la macho? (Msomaji, Igoma)

Jibu: Hapana, ila mmeambiwa nusu ya habari. Mnara wa kawaida hugawanywa pande tatu, kila upande na antena zake. Upande mmoja wenye 4G ya upana wa megahezi 20, kwa simu yenye njia mbili za kupokea, hufika megabiti 150 kwa sekunde, na hiyo ni hesabu ya kitabuni. Megabiti hizo ni za mtaa mzima. Saa 11 alfajiri mko wanne. Saa 2 usiku watu thelathini wamefungua video, na hata zikigawanywa sawasawa kila mmoja anaambulia megabiti 5.

Hazigawanyiki kirahisi hivyo. Simu iliyo karibu na mnara hubebeshwa biti 6 au 8 kwa kila pigo la wimbi. Iliyojificha nyuma ya jabali hubebeshwa 2 tu. Kumfikishia huyu wa pili data ileile, mnara hutumia muda mara tatu au nne, na muda huo unatoka kwenye fungu la wote. Jirani yako aliyejichimbia chumba cha ndani anakula spidi yako bila kujua.

Halafu kuna bomba la nyuma. Maboksi mliyoyaona yanapanua njia kati ya mnara na simu zenu. Kutoka mnarani kwenda kwenye mkongo, data hupita ama kwenye faiba ama kwenye lile dishi la mviringo lililoelekezwa mnara mwingine. Pande tatu za megabiti 150 zinadai 450. Kama dishi ni la enzi za 3G na uwezo wake ni 200, basi mmefunga mabomba matatu ya inchi mbili kwenye tangi linalojazwa kwa mpira wa bustani. Kubadilisha antena ni kazi ya siku mbili. Kuvuta faiba kwenye mawe ya Mwanza ni vibali na miezi ya kuchimba. Ndiyo maana antena hutangulia, na tangazo hutangulia pamoja nayo. Kwa maoni yetu tangazo lingengoja.

Utajuaje tatizo liko wapi? Pima mara tatu kwa siku moja, umesimama palepale nje ya nyumba: saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Usipime kila dakika, kwani kipimo cha sekunde 10 kwenye megabiti 50 kinameza zaidi ya MB 60. Kila ukipima, fungua Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, uandike nguvu ya mawimbi. Ni namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: -85 ni nzuri, -105 inachechemea, -118 umebaki na alama ya 4G tu. Ukiona -85 nyakati zote lakini spidi inashuka kutoka 40 alfajiri hadi 2 usiku, mnara umeelemewa na hakuna kitu utakachobonyeza kwenye simu kikausaidia. Pakua mazito alfajiri, au weka laini ya pili ya kampuni nyingine. Ukiona spidi ni 3 usiku na mchana na mawimbi ni mazuri, shuku bomba la nyuma, au simu yako, au bando lenye kikomo cha kasi baada ya kiasi fulani. Soma masharti yake.

Peleka malalamiko ukiwa na namba hizo. "Mtandao unasumbua" haimsaidii mhandisi. "Igoma, karibu na shule, saa 3 usiku, -85, spidi 2, siku nne mfululizo" inamfikisha moja kwa moja kwenye upande husika wa mnara. Dai namba ya lalamiko na uitunze. Usipojibiwa, namba hiyo ndiyo utakayoenda nayo ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa, iliyopo hapahapa Mwanza.

Laini ya uwakala na 4G

Swali: Mimi ni wakala Mlango Mmoja. Tangu nihamishie laini ya uwakala kwenye simu janja, menyu ya miamala inagoma, inaandika mambo ya MMI, na wateja wamejipanga. Vijiti vya mtandao vimejaa, na alama ya 4G inaonekana kabisa. Nifanyeje? (Dada wakala)

Jibu: Rudisha laini kwenye kitochi, dada yetu. Menyu za nyota na reli hazihitaji data. Kwenye simu na laini nyingi, ukibonyeza msimbo huo simu hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, hufanya kazi, kisha hupanda tena. Kushuka huko kunachukua sekunde kadhaa, na sokoni ambako kila mtu anashuka na kupanda, wengine hudondoka njiani. Kitochi kinakaa chini muda wote, hakina safari.

Kama huna kitochi, ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, SIM, Aina ya mtandao, uchague 2G au 3G kwa laini hiyo, na data uiweke laini nyingine. Jambo moja la kushika: menyu ikikatika katikati ya muamala, usirudie hapohapo. Ombi huenda lilishafika kabla ya dirisha kufungwa. Angalia salio kwanza.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayowakatia intaneti wengi wakipokea simu. Dawa yake ni VoLTE, yaani sauti kupita ndani ya 4G yenyewe. Iko kwenye mipangilio ya SIM, mradi simu na kampuni yako vyote vinaikubali.

3G imezorota

Swali: Simu yangu ni ya 3G, haina neno. Mbona tangu waboreshe mnara hapa Mabatini ndiyo imekuwa mbovu? (Mzee msomaji)

Jibu: Shikamoo mzee. Simu haijaharibika. Masafa ni kama shamba la urithi, hayaongezeki kwa kutaka. Kampuni ikitaka 4G pana zaidi, mara nyingi hukata kipande cha masafa iliyokuwa inatumia 3G, na wenye 3G hubanana kwenye kipande kilichobaki. Kingine, antena mpya zikiinamishwa zaidi chini ili zihudumie wa karibu, nyumba za juu mlimani kwenye mawe hubaki gizani. Hili la pili hurekebishwa kwa kubadili mwinamo kwa digrii chache, na linafaa kulalamikiwa. La kwanza halirudi nyuma. Simu ya 4G iliyotumika itakusaidia kuliko lalamiko.

Simu ya 5G isiyoonyesha 5G

Swali: Ndugu yangu kaniletea simu kutoka Marekani. Ni ya 5G, lakini hapa mjini inashika H+ (yaani 3G) tu, ya mke wangu ya bei rahisi inashika 4G. (Msomaji, Pasiansi)

Jibu: Anza na bendi. Hapa kwetu 4G hupatikana sana kwenye megahezi 1800 (bendi ya 3) na 800 (bendi ya 20), na mnada wa Oktoba 2022 ulihusu 700, 2300, 2600 na 3500. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni za Marekani hujengwa kwanza kwa bendi za kwao, kama 2, 4, 12, 13, 66 na 71. Nyingine zina zetu pia, nyingine hazina. Nenda kwenye Kuhusu simu, soma namba kamili ya modeli, pamoja na herufi za mwisho, kisha tafuta orodha ya bendi za modeli hiyohiyo. Herufi moja ya mwisho inaweza kubadilisha kila kitu. Kwa 5G ya hapa tafuta n78, ambayo ni 3500, au n41, ambayo ni 2600. Bendi ikikosekana, fundi atakayekuambia ataiongeza kwa programu anakutoa hela.

Bendi zikiwepo, angalia laini. Laini za miaka mingi nyuma hazikutengenezwa kwa 4G. Kuibadilisha ni dakika chache dukani kwa kampuni, kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na namba yako inabaki ileile.

Ruta ya steshenari

Swali: Nina steshenari karibu na chuo, Nyegezi. Kompyuta 6, printa, wanafunzi wengi. Nimenunua ruta ya laini nikaiweka juu ya kabati, napata megabiti 6. Jengo ni la bati na madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya giza. Kuna mtu anataka kuniuzia boosta. (Kaka wa steshenari)

Jibu: Boosta achana nayo. Kifaa cha redio kisicho na kibali kinakuweka upande mbaya wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kitaalamu ni balaa: kinakuza mawimbi pamoja na makelele, na antena zake mbili zikikaribiana kinaanza kujisikia chenyewe na kupiga mluzi, kama kipaza sauti kilichosogezwa mbele ya spika. Mluzi huo mnara unausikia, na mtaa mzima unaumia.

Tatizo lako ni jengo. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka, na vioo vya giza vingi vina utando mwembamba wa madini unaofanya vivyo hivyo. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mzito: wimbi la 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi na hupenya kiasi, la 3500 lina sentimita 8 na nusu, linaishia ukutani.

Washa ruta, unganisha simu yako, fungua ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa chini ya ruta (mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.0.1). Tafuta RSRP na SINR. Chukua waya wa umeme wa kurefusha, zunguka na ruta pande zote nne za jengo, ukikaa dakika moja kila mahali kabla ya kusoma. RSRP ni nguvu, SINR ni usafi. Wengi huchagua penye nguvu, na hapo ndipo wanapokosea. Kwenye miinuko ya Nyegezi unaweza kupata -80 lakini SINR ni 2, kwa sababu unasikia minara mitatu kwa mpigo, yote ikizungumza kwenye masafa yale yale. Upande wa pili wa jengo, ambako ukuta unaziba miwili, utapata -92 na SINR 17, na spidi mara tatu. Chagua huko.

Ukishapata mahali, usifunge antena ya nje kwa waya mrefu mwembamba. Ule waya mweusi wa RG58, wa mita 10, kwenye 1800 unakula zaidi ya robo tatu ya nguvu kabla haijafika kwenye ruta. Tena 4G inahitaji antena mbili na waya mbili. Ukifunga mmoja, nusu ya kasi umeiacha dukani. Rahisi zaidi ni kuhamisha ruta yenyewe: nunua ya kukaa nje, au weka ya kwako dirishani au chini ya upenu ndani ya boksi la plastiki (la chuma litarudisha tatizo), kisha uvute waya wa mtandao, Cat5e, hadi ndani. Huo unafika mita 100 bila kupoteza kitu. Usiiweke kugusana na bati: mchana bati linachoma, ruta ikipata joto inapunguza kasi au inajizima. Na radi za ukanda huu wa ziwa si za mchezo. Ya nje iwe na waya wa ardhini, na mvua ikianza kunguruma chomoa umeme na waya wa mtandao, vyote viwili. Radi inaingia kwa waya wowote.

Kwenye boksi soma daraja: Cat 4 inaishia megabiti 150, Cat 6 inaunganisha masafa mawili na kuishia 300. Ukiwa na -92 na SINR 17, Cat 6 inalipa. Ukiwa na SINR 3, ni pesa bure. La mwisho, kwenye kompyuta zote 6 ziambie kwamba intaneti ni ya kulipia kwa kipimo. Zisipoambiwa, zote zitashusha masasisho ya Windows asubuhi moja, na hakuna mnara utakaokuokoa.

Bando linayeyuka

Swali: Tangu nipate 4G mpya, GB 2 zinaisha kwa saa moja. Wanaiba? (Msomaji, Buhongwa)

Jibu: Video hujipima yenyewe. Njia ikiwa finyu inakuletea picha hafifu, njia ikipanuka inapandisha ubora bila kukuuliza. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Kwa megabiti 5 ni GB 2.25. Hapo ndipo GB 2 zako zilipokwenda. Kwenye YouTube chagua kiokoa data kwa mtandao wa simu, na kwenye WhatsApp ondoa tiki zote za kupakua picha na video zenyewe unapotumia data ya simu.

Mawimbi ziwani

Swali: Shikamooni. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ukerewe. Usiku tukiwa mbali, simu inaonyesha vijiti viwili vya 4G lakini kupiga haitoki. Mwenzangu mwenye kitochi anaongea palepale. Kwa nini? (Msomaji, Nansio)

Jibu: Marahaba, na pole na kazi. Kwanza nguvu. Vijiti vinakuambia jinsi unavyousikia mnara, havikuambii kama mnara unakusikia. Ni kama muadhini mwenye kipaza sauti: adhana inakufikia kilomita mbili, wewe ukimjibu hakusikii. Mnara unatuma kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G inatuma kwa wati 0.2 kwa juu kabisa. Kitochi kwenye 2G ya 900 kinaruhusiwa kufika wati 2, mara kumi zaidi. Juu ya maji matupu tofauti hiyo ni kilomita nyingi.

Pili, kuna ukomo wa umbali uliowekwa ndani ya mnara, hata mawimbi yakiwa mazuri. Mnara wa 2G kwa kawaida haumkubali aliye zaidi ya kilomita 35, kwa sababu sauti yake inafika imechelewa na kuingia kwenye zamu ya mtu mwingine. Wa 4G uliopangwa kwa ajili ya mji huishia kilomita 14 na kidogo. Mpangilio wake ukibadilishwa, unaweza kupokea hadi 100. Hivyo kwa minara ya ufukweni na visiwani ni halali kabisa kuiomba kampuni ibadilishe mpangilio huo. Halmashauri au chama cha wavuvi wakiandika barua moja itasomeka kuliko meseji mia.

Tatu, dunia ni duara. Antena iliyo mita 45 juu ya maji na simu iliyo mita moja na nusu zinaonana hadi kilomita 32 hivi. Ukivuka hapo uko nyuma ya mgongo wa maji. Antena ikiwa juu ya kilima, mita 150 juu ya ziwa, umbali unazidi 50, ila kumbuka ule ukomo wa 35.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka, badilisha simu iwe 2G pekee. Itaokoa na chaji, maana simu inayotafuta 4G usiku kucha inaimaliza kabla ya karabai kuzimwa. Usiikalie wala kuiweka sakafuni mwa mtumbwi kwenye maji; simama, iinue, geuka ili kichwa chako kisikae kati yake na mnara. Sauti ikikatika jaribu meseji, inahitaji nafasi ndogo na simu inaweza kuirudia. Chama kiwe na laini za kampuni mbili kwenye kila mtumbwi. Na kwa dharura pigeni 112: simu hutumia mnara wa kampuni yoyote unaoifikia, hata kama laini yako haina salio.

Umeme ukikatika

Swali: TANESCO wakikata, 4G nayo inageuka E (alama ya 2G). Mnara si una betri? (Msomaji, Kitangiri)

Jibu: Unazo, ndiyo maana E ipo. Umeme ukikatika, mitambo mingi hupangwa kuzima kinachokula zaidi kwanza: 5G, kisha 4G ya masafa ya juu, ili 2G na 4G moja ya chini zidumu hadi jenereta iwake au umeme urudi. Kila boksi linaloongezwa juu ya mnara linafupisha maisha ya betri zilezile zilizo chini, na si kila anayeongeza boksi anaongeza betri. Andika saa umeme ulipokatika na saa 4G ilipopotea. Ikipotea dakika tano tu baada ya umeme, betri zimechoka au zimeibwa. Lipeleke kwa kampuni kama hitilafu ya mnara, si kama lalamiko la spidi, kwa maana hayo mawili huenda kwenye mafundi tofauti.